Bendi ya Kijiji: Mwanafunzi Kando ya Mzee

Ukisikia neno "bendi" bila shaka mambo mawili hukujia akilini. La kwanza ni vijana wenye magitaa na spika kubwa wanaokesha wakipiga dansi. La pili ni askari wenye sare nadhifu wanaopiga tarumbeta na ngoma Siku ya Jamhuri, huku sisi tukingoja hotuba juani. Leo nataka tuongee juu ya bendi ya namna ya tatu. Hii ni bendi ya watu wa kawaida wa mtaa au kijiji. Hawalipwi. Hukutana jioni, mara moja au mbili kwa wiki, baada ya kazi. Na wanapoandaa tamasha, watoto wa shule hukaa katikati yao na kupiga muziki ule ule.

Bendi kama hizi ni nyingi sana Uingereza, Wales, Uskoti na Ayalandi, na desturi kama hiyo iko pia Marekani, Kanada, Australia na New Zealand.

Mimi si mwanamuziki. Najua solfa tu, ile ya kwaya, na sauti yangu ikinipotea namfuata jirani. Lakini kazi yangu ni kukaa na vikundi: vya akina mama, vya vijana, vya maji, vya mbuzi wa maziwa. Nimeona vingi vikizaliwa kwa shangwe na kufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Basi nikisoma kwamba kuna bendi ya wafanyakazi iliyoanza 1855 na mpaka leo inapiga, najiuliza: hawa watu wanafanya nini ambacho sisi hatufanyi?

TAMASHA LENYEWE

Hebu tuchukue tamasha moja la kawaida, la aina inayopangwa katika miji midogo mwezi wa Machi. Tarehe 1 Machi ni sikukuu ya Mtakatifu David wa Wales, na tarehe 17 ni ya Mtakatifu Patrisi wa Ayalandi, kwa hiyo ndio msimu ambapo watu hutaka kusikia nyimbo za huko. Mahali ni ukumbi wa shule, au kanisani. Viti vimepangwa nusu duara. Kwenye karatasi ya ratiba imeandikwa: Muziki wa Uingereza na wa Wakelti.

Hao Wakelti ni akina nani? Ni kama sisi tunavyosema Wabantu. Si kabila moja, ni ukoo wa lugha. Watu wa Ayalandi, Uskoti, Wales, Cornwall, Kisiwa cha Man, na Brittany kule Ufaransa, wana lugha za asili ambazo ni ndugu, na ambazo si Kiingereza hata kidogo. Nyingi zilikandamizwa shuleni. Huko Wales katika karne ya 19 kulikuwa na shule ambapo mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alivikwa kibao shingoni. Wazee wetu waliovikwa "diski" shuleni kwa kusema lugha ya nyumbani wataelewa mara moja. Lugha ilipopigwa vita, nyimbo zilibaki.

Sasa tazama wapigaji. Kuna mwalimu, muuguzi, dereva wa basi, fundi wa mabomba, mzee aliyestaafu. Katikati yao wamo watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, wamevaa koti lile lile la bendi, mengine mikono imewazidi. Hakuna mstari wa watoto nyuma. Hakuna "sasa watoto watatuimbia kitu kidogo" halafu wapigiwe makofi na kuondolewa. Msichana wa shule anakaa kando ya mtu mzima, wanasoma karatasi moja kwenye stendi moja, wanapiga sauti moja.

BENDI HIZI ZILITOKA WAPI?

Zilianza kwenye viwanda na machimbo ya makaa ya mawe. Katika miaka ya 1840 tarumbeta za aina mpya zenye vibonyezo vitatu zilianza kupatikana kwa wingi. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyekaa Paris, alibuni ukoo mzima wa vyombo hivyo, kutoka kidogo chenye sauti nyembamba hadi kikubwa cha besi. Vibonyezo ni vitatu tu, na vinabonyezwa kwa vidole vya mkono mmoja. Mtu ambaye mikono yake imekuwa migumu kwa sururu hawezi kupiga fidla kirahisi, lakini vibonyezo vitatu anavimudu.

Halafu wakafanya jambo la akili sana. Karibu vyombo vyote vya bendi ya shaba, vikubwa kwa vidogo, huandikiwa noti kwa namna moja, na kwa vyenye vibonyezo vidole ni vile vile. Tromboni ya besi na ngoma ndizo hazimo katika mpango huo. Kwa hiyo kijana aliyejifunza kwa koneti, yaani tarumbeta fupi ndogo, anaweza kuhamishiwa chombo kikubwa cha besi bila kuanza kusoma upya. Mzee wa besi akifa au akihama, pengo linazibwa. Hebu fikiria kikundi chako: mweka hazina akihama leo, kuna mtu mwingine anayejua kusoma vitabu vyake?

Wenye viwanda nao walisaidia, wengine kwa moyo mwema na wengine ili wafanyakazi wasipate muda wa kupanga mgomo. Mwaka 1855 John Foster, mwenye kiwanda cha sufu kule Queensbury, Yorkshire, aliipa bendi ya hapo vyombo, sare na chumba cha mazoezi. Hiyo ndiyo Black Dyke, ambayo bado ipo. Mashindano makubwa yalianza Belle Vue, Manchester, mwaka 1853. Makanisa na vyama vya kupinga ulevi vilianzisha bendi zao pia, kwa sababu kijana mwenye mazoezi jioni hayuko baa. (Ingawa lazima niseme ukweli, bendi nyingi nyingine zilifanya mazoezi juu ya baa.) Jeshi la Wokovu, ambalo limekuwa hapa Kenya tangu 1921, lilichukua bendi za shaba likazifanya sehemu ya ibada, ndiyo maana hata sisi tumezoea kuziona zikipita barabarani Jumapili.

Bendi moja ya kupinga ulevi, Wingates, ya Lancashire, inafaa kukumbukwa. Tarehe 21 Desemba 1910 mgodi wa karibu ulilipuka asubuhi, wanaume na wavulana 344 wakafa. Saba kati yao walikuwa wa bendi hiyo. Kwa kikundi cha watu ishirini na kitu, viti saba vitupu siku nne kabla ya Krismasi si jambo la kusimulia haraka. Wingates iliendelea.

KITI CHA TATU

Bendi ya shaba ina wapigaji 25 na watu wachache wa ngoma. Koneti ni kumi. Zile za mbele hubeba wimbo. Nyuma kuna mbili zinazoitwa koneti za pili, na mbili za tatu, na huko ndiko mwanafunzi huanzia. Kazi yake haina sifa. Anapiga noti chache za kujaza sauti, kisha anahesabu kimya: moja, mbili, tatu, nne, labda mistari kumi na sita, halafu anaingia. Akiingia mapema, ukumbi mzima unasikia. Akichelewa, jirani yake anabaki peke yake.

Mpangilio huu haumpi mtoto mzigo wa kumvunja mgongo, lakini noti zile chache ni zake kweli. Asipokuja, zinapungua. Nimeona mara nyingi katika vikundi vyetu kijana akialikwa "kuwakilisha vijana", akapewa kiti, akapewa soda, asipewe kazi. Mkutano wa tatu haonekani, na sisi tunasema vijana wa siku hizi hawana msimamo.

Mafunzo yenyewe ni ya pole pole. Kwanza mtoto hufundishwa kutetemesha midomo tu, bila noti, na sauti inayotoka ni ya mbuzi aliyekabwa. Majirani huvumilia. Kisha huingia bendi ya wanaojifunza, halafu bendi ya vijana, halafu siku moja mwongozaji anamwambia, "Jumanne uje na wakubwa." Mazoezi mengi huanza kwa wimbo wa ibada, kwa sababu noti zake ni ndefu na kila mtu anaweza kusikia kama sauti yake imekaa vizuri kwa jirani. Hapo mtoto anajifunza kusikiliza kabla ya kujifunza kasi.

Na kwa kuwa watoto wako na watu wazima usiku, kuna sheria. Bendi huwa na mtu maalum wa kuangalia usalama wa watoto, na huko Uingereza na Wales wanaowafundisha hukaguliwa rekodi zao za polisi. Mzazi anajua saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Napenda jambo hili liandikwe wazi, kwa sababu huku kwetu tunaaminiana mno hadi mtoto aumie.

NYIMBO ZENYEWE NI ZA NANI?

Ratiba ya tamasha kama hili karibu kila mara huwa na Gustav Holst. Holst alitaka kuwa mpiga piano, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa na ugonjwa wa neva, akageukia tromboni. Baadaye akawa mwalimu. Kuanzia 1905 hadi alipofariki 1934 alifundisha shule ya wasichana ya St Paul's, London, na kuanzia 1907 alifundisha pia Morley College, mahali ambapo wafanyakazi walisoma jioni. Mwaka 1916, wakati wa Pentekoste, aliwachukua wanafunzi hao wa namna mbili akawapeleka kijiji cha Thaxted, wakaimba na kupiga muziki kanisani pamoja na wanakijiji. Kwa hiyo kuchanganya wanafunzi na watu wazima kwake haikuwa nadharia.

Mwaka 1911 aliandika muziki wa bendi ya kijeshi, ile yenye filimbi na klarineti pamoja na tarumbeta, akitumia nyimbo za vijijini za Hampshire. Kipande kimoja ni wimbo wa mhunzi, na ndani yake Holst ameandika sehemu ya fuawe. Fuawe kweli, ya chuma. Huwa anapewa kijana wa ngoma. Anasimama nyuma na nyundo mkononi, na wazazi wake hawaangalii mtu mwingine ukumbini. Kipande cha mwisho kinachukua ngoma ya zamani ya kuchezwa, na juu yake ghafla unaingia wimbo mwingine wa taratibu, Greensleeves. Nyimbo mbili kwa wakati mmoja, kila moja na mwendo wake, wala hazigongani. Baadaye Holst alikichukua kipande hicho hicho akakiandika upya kwa ajili ya okestra ya wasichana wake wa shule.

Rafiki yake, Ralph Vaughan Williams, mnamo Desemba 1903 alimsikia mzee mmoja kibarua wa shamba, Charles Pottipher, akiimba katika kijiji cha Essex. Bwana huyu aliyesoma vyuo vikubwa alitambua kwamba muziki wa nchi yake ulikuwa vinywani mwa maskini, nao walikuwa wanazeeka. Akaanza kuzunguka na daftari. Alikusanya nyimbo zaidi ya 800. Mwaka 1906 alipohariri muziki wa kitabu cha nyimbo za kanisa la Anglikana, alitia ndani tuni kadhaa za wakulima hao, na mwaka 1923 aliandika muziki wa bendi uliojengwa kwa nyimbo za vijijini. Hadi leo bendi za wanafunzi huupiga.

Wa tatu ni Percy Grainger, Mwaustralia. Yeye mwaka 1906 alikwenda Lincolnshire na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, wakati wengine waliona mashine hiyo ni mchezo. Alimnasa mzee Joseph Taylor na wengine, na alikataa "kusahihisha" uimbaji wao. Mzee akichelewesha noti, Grainger aliiandika imechelewa. Mwaka 1937 alitoa muziki wa bendi wenye vipande sita kutokana na nyimbo hizo, na kila kipande alikusudia kionyeshe si wimbo tu bali mtu aliyeuimba. Ulikuwa mgumu. Onyesho la kwanza lilikuwa Milwaukee, Marekani, na bendi yenyewe ilikuwa na wapigaji kutoka bendi za viwanda vya bia. Walimudu vipande vitatu kati ya sita. Mwanafunzi anayelia kwa sababu ukurasa wa pili umemshinda aambiwe habari hiyo.

Kisha taa hupunguzwa kidogo na bendi inapiga ile tuni ya Derry, ambayo wengi wetu tuliisikia kwanza kwa mapadre na masista wa Ayalandi waliotufundisha. Wengine wanaijua kwa maneno ya Danny Boy, ambayo yaliandikwa na mwanasheria Mwingereza, Frederic Weatherly, na kuunganishwa na tuni hiyo mwaka 1913. Tuni yenyewe ni ya zamani zaidi. Ilichapishwa 1855 katika kitabu cha George Petrie, aliyeipata kwa mama mmoja wa Limavady aitwaye Jane Ross. Jane Ross naye aliipata kwa mpigaji fulani. Jina la huyo mpigaji halikuandikwa. Dunia nzima inalia kwa wimbo wake, naye hata jina hana. Kila nikifika hapo nawakumbuka akina nyanya wanaoongoza nyimbo za mavuno na za arusi katika vigango vyetu. Tuna simu zenye kunasa sauti mifukoni, na bado hatujaandika ni nani aliyeimba.

Kutoka Wales huja Cwm Rhondda, tuni ya karani mmoja, John Hughes, ya mwaka 1907. Ndugu zetu Waprotestanti wanaijua sana. Na tukiwa hapo hapo, ile solfa yetu ya do re mi ilienezwa na mchungaji Mwingereza, John Curwen, katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover. Lengo lilikuwa kwamba watoto na watu wasio na pesa za mwalimu waweze kusoma muziki. Wamisionari wakaileta Afrika. Tofauti ni kwamba sisi tuliishika solfa kwa sauti, wao wakaendelea na vyombo.

PESA NA FUNGUO

Vyombo ni ghali, hilo haliepukiki. Koneti nzuri au besi si kitu cha mshahara wa kibarua. Kwa hiyo kwa kawaida chombo ni cha bendi, na mtoto hukopeshwa. Kuna daftari: namba ya chombo, jina, sahihi ya mzazi, tarehe. Watu wazima hulipa ada, kuna chai na keki za kuuza wakati wa mapumziko, kuna bahati nasibu, na wakati wa Krismasi bendi hupiga nyimbo za Noeli madukani na kopo la sadaka mbele.

Hapa nitasema jambo linaloniuma. Najua mahali hapa kwetu palipoletewa tarumbeta sita na wafadhili. Zilipigwa siku ya kupokelewa, zikapigwa picha, zikafungiwa stoo zisiharibike. Mtu mwenye ufunguo alikuwa mwaminifu kabisa. Zilipotolewa baada ya miaka vibonyezo vilikuwa vimeshikana kwa kutu ya kijani, na vijana waliokuwa wazipige walikuwa na watoto wao. Tarumbeta huharibika kwa kukaa zaidi kuliko kwa kupigwa.

Msidhani wenzetu hawana shida. Masomo ya vyombo shuleni yamepunguzwa sehemu nyingi za Uingereza, na mzazi asiye na pesa hubaki nje. Uskoti iliondoa ada za masomo hayo katika shule za serikali mwaka 2021, kwa sababu ilionekana wazi kwamba watoto wa maskini ndio walioacha kwanza. Bendi za vijiji zimebeba sehemu ya mzigo huo kwa kukopesha vyombo na kufundisha bure au kwa pesa kidogo.

Mfano unaojulikana zaidi ni Grimethorpe, kijiji cha makaa ya mawe huko Yorkshire, ambacho bendi yake ilianza 1917. Oktoba 1992 serikali ilitangaza kufunga migodi 31, na wa Grimethorpe ukiwa mmojawapo. Siku chache tu baada ya tangazo hilo bendi ilipanda jukwaa la Royal Albert Hall, London, ikashinda ubingwa wa taifa. Mgodi ulifungwa 1993. Filamu ya Brassed Off ya mwaka 1996 imetokana kwa sehemu na mambo hayo, na muziki wake ulipigwa na bendi yenyewe. Kijiji kilikuwa maskini sana baadaye, ushindi haukurudisha kazi hata moja. Lakini bendi ingalipo, na waliomo leo wengi hawajawahi kuteremka shimoni.

Tamasha likiisha hakuna anayekimbia. Msichana wa koneti ya tatu anageuza chombo chake kumwaga mate (ndiyo, hukusanya mate, msishangae), anakipangusa kwa kitambaa na kukilaza kwenye sanduku. Mzee aliyekaa naye anamwambia ile sehemu ya Holst, mstari wa arobaini, waliingia wote wawili wamechelewa. Wanacheka. Kisha kila mtu anabeba viti vinne vinne kurudisha ukutani, na yeye anatia sahihi kwenye daftari kwamba anakwenda na chombo nyumbani, mazoezi ni Jumanne.